Chembe, Pumua

Usiku ule chupa ya maji ilianza kutokota peke yake.

Blu-blu-blu. Kimya. Blu-blu-blu. Kimya. Mama Chembe alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mgongo ukutani, usingizi umemlemea kope, na mwanzoni alidhani ni tumbo lake linalalamika njaa. Kisha akatazama. Ilikuwa ile chupa iliyofungwa pembeni ya mtungi wa oksijeni, ambayo hewa hupitishwa kwenye maji yake ili isiingie puani mwa mtoto wa farasi ikiwa kavu. Mtungi ukifunguliwa maji hucheza, ukifungwa maji hulala. Na mtungi alikuwa ameufunga mwenyewe jioni, mbele ya Daktari, akaukaza mpaka kiganja kikamuuma. Akainuka, akaishika koki. Imekaza vilevile. Mpira wenyewe ulikuwa umechomolewa na kuviringishwa kwenye msumari, ncha yake inaning'inia, haigusi pua wala chochote. Lakini maji yalikuwa yanatokota, taratibu, kama mtu anayepumua akiwa usingizini.

Akajiambia ni uchovu. Uchovu ukizidi hata kivuli chako hukuita shemeji. Akaimwaga chupa kwenye mfereji, akaifuta, akaifungia kabatini, akarudi kwenye ndoo yake. Mtoto wa farasi alikuwa amelala kifudifudi juu ya godoro, miguu mirefu imekunjwa chini yake kama mwavuli uliovunjika, anamtazama. Hakupepesa jicho. Na kutoka kabatini, ndani ya chupa isiyo na tone la maji, ikasikika tena: blu-blu-blu. Kimya.

Hospitali ile ya wanyama ilikuwa nje kabisa ya mji, nyumba zimekwisha, taa za barabarani zimekwisha, kilichobaki ni ukuta, geti na upepo. Alipata kazi ya zamu ya usiku pale kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, akiondoka leo humwoni mpaka umesahau anavyokohoa, na katika mtaa mpya waliohamia hakuwa amepata hata jirani wa kumwomba chumvi. Basi mtoto alikuja naye kazini. Daktari alikunja uso, akasema, "Akilala sina neno, akilia utanijua," na wakaelewana hivyo. Mtoto akawa analala chumba cha pili, stoo ya nyasi kavu, ndani ya boksi lililotandikwa kanga, mlango wazi ili mama amwone. Alizaliwa mdogo kuliko kiganja cha baba yake, ndiyo maana baba akamwita Chembe, na jina lake la cheti likasahaulika siku hiyohiyo. Na yeye, kama ilivyo kwa mwanamke yeyote aliyezaa, jina lake mwenyewe likafuata njia hiyo hiyo. Akawa Mama Chembe, kwa Daktari, kwa mlinzi, kwa mumewe kwenye simu. Hakuna aliyekuwa akimwita vingine, na usiku mwingi hakuna aliyemwita kabisa.

Sasa, huyu mtoto wa farasi alizaliwa siku mbili kabla ya chupa kutokota. Alikaa njiani mno. Daktari alimvuta kwa kamba mpaka jasho likamwingia machoni, na alipotoka, alitoka kama nguo iliyoloa, ulimi wa bluu, mbavu zimetulia tuli. Daktari akamsafisha ute puani, akambandika ile barakoa ya mpira, maana farasi hajui kupumua kwa mdomo, ni pua tu, pua ikiziba basi. Akaanza kukamua mfuko wa hewa. Mara mama farasi akaanza kuvuja damu. Daktari akageuka, akageuka tena, hana mikono minne.

"Mama Chembe! Shika huu mfuko. Kamua, acha, kamua, acha. Hesabu, usipoteze mwendo. Na usikamue kwa pupa, utampasua mapafu."

Akashika. Akahesabu moja, mbili, tatu, akafika mahali namba zikamtoka kichwani zote, kama kuku waliofunguliwa banda, kwa hofu, na damu, na yule mama farasi alivyokuwa anaguna. Mikono ikataka kwenda mbio. Akatafuta kitu cha kuishikilia. Kilichomjia ni ule mwendo wa kumbembelezea mwanawe akiwa na mafua usiku, anapompigapiga mgongoni. Chembe, pumua. Chembe, pumua. Akashika hapo. Kamua: Chembe. Acha: pumua. Mwendo ukanyooka kama saa.

Daktari alipomaliza kuzuia damu, akaja na kipimo chake masikioni, akasikiliza, akasikiliza, akakitoa.

"Basi. Huyu hakuja."

Lakini yeye hakuacha. Alikuwa analia na kukamua, Chembe, pumua, Chembe, pumua, na Daktari akamwekea mkono begani, akasema basi dada, basi, na yeye akaita mara moja zaidi, kwa sauti: "Chembe!"

Ndani ya barakoa kikaitika kitu. Kidogo tu. "Mm." Kama mtoto aliyeitwa kutoka chumba kingine. Na mbavu zikainuka.

Daktari alicheka kwa furaha, akampiga mgongoni, akasema umemrudisha, wewe mwanamke umemrudisha. Mama Chembe naye alicheka. Ila aliona mama farasi aliponyanyuka akaenda kumnusa mwanawe, kama farasi wafanyavyo, pua kwa pua. Alinusa mara moja. Akarudi nyuma mpaka makalio yakagonga ukuta, masikio yamelala, macho meupe, na tangu hapo hakumkaribia tena. Daktari akasema wengine hukataa watoto, hasa uzazi ukiwa mgumu, tutampa chupa. Ikawa hivyo. Aliyempa chupa ya maziwa ni nani? Ni yeye.

Baada ya usiku ule wa chupa hakusinzia tena. Kwa hiyo usiku uliofuata aliona alichokiona akiwa macho makavu, wala asingeweza kuusingizia usingizi. Alikuwa amesimama mlangoni kati ya vyumba viwili, mkono mmoja huku, mkono mmoja huku, na kwa kuwa mahali palikuwa kimya mno alikuwa anasikia wote wawili wanavyopumua. Mtoto wa farasi akavuta. Chembe wake, ndani ya boksi, kimya. Mtoto wa farasi akatoa. Chembe akavuta. Akatabasamu kwanza, unajua, aliona wanapokezana vizuri. Kisha mtoto wa farasi akavuta na akaishika, akaishika muda mrefu, mbavu zimejaa kama ngoma, na ndani ya boksi kifua cha mwanawe kikalala chini na hakikuinuka, na uso ukaanza kuiva, na midomo, na yeye akamrukia, akamnyanyua, akamtikisa, akampulizia, na nyuma yake akasikia ile pumzi inaachiwa polepole, huuuu, na mwanawe akashtuka mikononi mwake akavuta hewa kama aliyetolewa kisimani. Akageuka. Mtoto wa farasi alikuwa amesimama. Hakuwa amewahi kusimama. Alisimama kwenye ile miguu, ananusa upande wao, na harufu ikaja, harufu ya majivu yaliyomwagiwa maziwa baridi.

Pumzi ilikuwa moja. Walikuwa wanaigombea kama ndoo moja kwa nyumba mbili.

Asubuhi alikimbia zahanati na mtoto mgongoni. Nesi akamsikiliza mtoto mbele, nyuma, akamgeuza. "Mapafu safi, mama. Anayehitaji kulala hapa ni wewe." Akampigia mumewe, mtandao ukakatika kila alipofika kwenye neno lenyewe. Akafikiria kuacha kazi, akae nyumbani na mwanawe, na mchana ule akajaribu, akajifungia chumbani mbali na farasi na kila kitu. Chembe akavuta pumzi, akakaa, akakaa, akatoa. Umbali haukusaidia kitu. Kilichokuwa kinamvuta hakikuhitaji kuwa karibu, na kila pumzi ilikuwa inachelewa kuliko iliyotangulia.

Jioni akamwambia mlinzi. Huyu walimwita Korongo kwa ajili ya miguu, na alikuwa mtu wa masihara, lakini alipomaliza kusikia, aliizima redio yake.

"Dada, mimi nimeajiriwa hapa getini. Hao wasiopita getini, mshahara wangu hauwafikii." Akakuna shingo. "Ila ninaye shangazi yangu. Ana mdomo mchafu, nakuonya. Lakini mambo hayo ndiyo chai yake."

"Mwite."

"Na Daktari?"

"Daktari anaondoka saa mbili. Mwite, Korongo, mwanangu anakwisha."

Shangazi alikuja amejifunga shali mbili, pua nyekundu kwa mafua, anachechemea goti, anamlaani Korongo kutoka getini mpaka mlangoni. "Watu wazima wananitoa kitandani nije kuona punda!"

"Farasi, shangazi."

"Anakula nyasi? Basi punda. Nyamaza."

Lakini alipovuka kizingiti akasimama, na mafua yakawa kama yamemwisha. Hakumtazama mtoto wa farasi. Alimtazama mama farasi, aliyejibana kwenye kona. "Huyu ameshajua," akasema kwa sauti ya chini. "Nani alikipa jina?"

"Jina?"

"Usinirudishie swali. Hiki kina jina. Kimekaa kama mwenye nyumba. Nani kakiita?"

Mama Chembe akaeleza, maneno yanapandana, kamua, acha, namba zilivyomtoka, mwendo. Kadiri alivyoeleza ndivyo Shangazi alivyofumba macho.

"Ewe binti. Nyumba ilikuwa tupu, mwenyewe hajafika, mlango wazi, na wewe umesimama nje unaita jina la mwanao, tena na tena, na pumzi mkononi. Ulitaka aitike nani? Kimeitika kilichokuwa karibu. Kipweke kama wewe, pengine hakijaitwa miaka. Sasa kina jina, na kwa kuwa wote hapa wanakuita Mama Chembe, kina na mama. Kila wakikuita, wanakithibitisha. Kilichobaki ni kumwondoa yule mwingine, maana Chembe hawawezi kuwa wawili."

Korongo, aliyekuwa akimwita hivyo kila jioni akimfungulia geti, angeulizwa angeapa hajawahi. Alijishika mdomo tu.

"Nifanye nini?" Mama Chembe akanong'ona.

"Urudie kazi yako. Na safari hii uifanye ulivyoagizwa. Uhesabu. Namba hazina mwenyewe, hakuna wa kuziitikia. Lakini ukilitaja lile jina hata kwa kite, hata kwa kulia, mimi narudi kwangu na wewe unachimba kaburi."

Shangazi akaketi chini na mtoto mapajani. Mama Chembe akautoa mfuko kabatini, akapiga magoti, akambandika mtoto wa farasi ile barakoa. Hakukataa. Akainyoosha shingo, kama mtoto anayevalishwa kofia. Akakamua. Moja. Akaacha. Mbili.

Mwanzoni hakuna kitu, ni mpira unaolia na nyasi zinazochakarika, na yeye anahesabu kwa sauti kama mtoto wa shule, na alipozidi kuhesabu ndipo ubaridi ulipoanza kumpanda kutoka magotini, na lile jicho jeusi la farasi likawa linamtazama kwa unyonge ambao mnyama hana, na ndani ya barakoa kikaanza kulia, si mlio wa farasi, ni kilio cha mwanawe hasa, kile cha njaa, kile ambacho maziwa hukimbilia kifuani kabla hujafikiri, na maziwa yakamtoka kweli, yakamlowesha gauni, na yeye anahesabu, na kilio kikageuka kwikwi, na kwikwi ikageuka sauti ndogo inayosema mama, mama, usinirudishe kule, kule hakuna mtu, na yeye anahesabu, machozi yanadondoka juu ya mikono yake, na Shangazi nyuma yake akasema taratibu, "Mtoto ameacha kupumua, usigeuke," na mwili wake wote ukataka kugeuka, kila mfupa, na kinywa chake kikafunguka na lile jina likafika kwenye ulimi, likakaa pale, la moto, na akalimeza, akataja namba iliyokuwa inafuata, akakamua.

Barakoa ikarushwa kutoka mkononi mwake. Upepo ukatoka puani mwa mtoto wa farasi, mrefu, wenye majivu, ukapita juu ya kichwa chake ukazima taa, na mlango wa nje ukajibamiza. Giza. Kimya kikawa kirefu kuliko maisha yake yote.

Kisha mwanawe akalia. Na kwenye kona mama farasi akakoroma kwa upole, na kutoka godoroni kikamjibu kilio chembamba, chenye kutetemeka, cha mnyama kweli. Korongo alipowasha tochi, mama farasi alikuwa anamlamba mwanawe masikio kana kwamba ndiyo kwanza amezaliwa.

"Sasa sikiliza," Shangazi akasema huku akipiga chafya, mafua yamemrudia. "Jina limekwenda nacho. Hatulidai. Mpe mwanao jina jingine usiku huu, umwambie sikioni. Asilijue mtu. Baba yake tu, na umwambie uso kwa uso, si kwenye hiyo simu yenu. Mpaka mtoto awe na akili ya kuitika mwenyewe. Kitalitafuta, nakwambia kweli. Kimeonja kuwa na mama."

"Na sisi tumwiteje huyu?" Korongo akauliza, akimwonyesha Mama Chembe kwa kidevu.

"Mwite dada. Mwite wewe. Mwite hata paka, ila si vile."

Basi akawa dada. Akawa wewe. Mtoto wa farasi alikimbia uani baada ya wiki, Daktari akawa anamwonyesha kila mgeni, huyu ndiye tuliyemrudisha. Nyumbani mtoto alinenepa, akacheka, pumzi zake nyepesi kama za ndege. Ila lile jina jipya, zuri, alilolichagua mwenyewe, hakuwa na wa kulitaja naye. Alikuwa akilipuliza sikioni mwa mtoto, midomo imebana, kisha anatazama huku na huku kama mwizi. Mwanawe alikuwa na jina ambalo dunia nzima hailijui. Yeye mwenyewe hakuwa nalo kabisa. Akapika, akala, akafua, hakuna aliyemwita. Akamsubiri mumewe kama mfungwa anavyosubiri siku yake.

Akaja usiku ambao mkewe hakuwa na zamu, umeme umekatika. Akagonga kwa kucha, kama kawaida yake. "Hodi. Fungua, ni mimi."

Alimjua kwa harufu, dizeli na jasho la barabara. Akamwangukia kifuani gizani, akalia mpaka akakosa sauti, na yeye akamwacha alie, mkono unampapasa kisogo.

"Umekonda," akasema. "Nani kakufanya hivi?"

Akamwambia. Yote, kwa mkupuo, bila kituo, wamelala na mtoto kati yao, chupa, mfuko, ndoo moja kwa nyumba mbili, Shangazi na mafua yake, na alivyokaa na siri peke yake mpaka alidhani atapasuka. Mumewe hakumkatiza hata mara moja. Hakuwa msikilizaji hivyo siku zote. Akafikiri labda safari imemfunza.

"Pole mke wangu. Umekuwa peke yako sana."

"Sana."

"Sasa hupo peke yako. Haya, mtoto wetu tunamwita nani?"

Akajivuta karibu, akatafuta sikio lake kwa midomo, akamwambia. Alilisikia jina likitoka, na mwili wote ukalegea, kama aliyetua mzigo wa kuni. Yeye akalirudia mara moja, polepole, kama anayeonja asali. Jina zuri, akasema.

Simu ikatetemeka chini ya mto. Akaitoa. Mwanga wake ulikuwa mdogo, wa uso wake tu, na kwenye kioo kulikuwa na jina la mumewe, linapiga. Akapokea bila kufikiri, mkono wenyewe ulipokea.

"Halo? Mke wangu? Mtandao mbovu huku, gari limekufa njiani, tumelala porini, siwezi kufika kabla ya Jumamosi… Halo? Mbona kimya? Uko na nani?"

Mkono uliokuwa kwenye kisogo chake haukutoka. Ukaendelea kupapasa, taratibu, na midomo baridi ikaja kwenye sikio lake la pili.

"Usiogope, mama," ikasema. "Sitamwambia mtu mwingine."